Tajiri wangu wa Muscat ananiita mwanangu. Nitamwombaje pasipoti yangu?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga, mhasibu kwa taaluma, nina mke na mtoto mmoja ambao nimewaacha nyumbani. Mwanzoni mwa mwezi Juni niliwasili Muscat, mji mkuu wa Oman, kuanza kazi katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi katika eneo la Ruwi. Kazi hii niliipata kupitia kwa jamaa wa mke wangu, na ili kuifuata niliacha ajira niliyokuwa nayo Tanga na kuchukua mkopo wa SACCOS wa kulipia vipimo vya afya, tiketi na matumizi ya mwezi wa kwanza. Nakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa, na huku sina mtu wa kumweleza yaliyo moyoni bila maneno yangu kufika ama nyumbani ama kwa mwajiri.

Naomba nianze na yale niliyokutana nayo siku za mwanzo. Nilitoka uwanja wa ndege saa nne usiku, na mlango ulipofunguka tu miwani yangu ikaingia ukungu nisione mbele. Nilidhani nimesimama karibu na mtambo unaotoa mvuke, kumbe ndiyo hewa yenyewe ya mji. Mimi ni mtu wa pwani na nilijidai kwamba joto nalijua, lakini joto la huku halipungui hata alfajiri, na mchana linafukuza watu wote barabarani. Mji ni safi kupita kiasi: majumba meupe yasiyo marefu, milima ya mawe matupu nyuma yake, barabara pana zenye magari ya kasi, na pembeni hakuna binadamu. Wiki ya kwanza nilikwenda dukani kwa miguu saa nane mchana, nikakuta maduka mengi yamefungwa mpaka saa kumi, na njiani dereva wa teksi akasimamisha gari kuniuliza kama nimepatwa na shida. Hakuna daladala wala muuza kahawa anayegonganisha vikombe, na ukitoka nje asubuhi hupati hata mtu wa kumjulia hali. Chumbani tuko wanne, wawili wanatoka Kerala huko India na mmoja Ufilipino. Ni watu wapole, ila kila mmoja akirudi kazini anavuta pazia la kitanda chake na kuzungumza na mkewe kwenye simu, kwa hiyo usiku chumba kimejaa maneno na hakuna hata moja linalonihusu.

Upande wa pili kuna mzee mwenye kampuni. Ni Mwomani aliyezaliwa Wete, Pemba, na Kiswahili chake ni fasaha kuliko changu. Siku yangu ya kwanza ofisini alinipokea mlangoni akisema, “Karibu mwanangu, Tanga hawajambo?” Baada ya siku mbili za kutosemeshwa na mtu, machozi yalinilengalenga. Alinikalisha pembeni yake, akaagiza tende mbivu kutoka shambani kwake na kahawa yenye hiliki katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Kila nilipomaliza mtumishi alinimiminia tena, nami kwa adabu nikawa nakunywa, mpaka mzee akacheka na kunionyesha kwamba aliyetosheka hukitikisa kikombe kabla ya kukirudisha. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu mbele ya watu wote, na Ijumaa moja alinialika kwake Seeb tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka kama niko kwetu.

Ugumu ni huu. Siku ya pili aliniomba pasipoti akaniambia, “Tuiweke kwenye sefu, isije ikakupotea,” nami nikampa papo hapo bila kutia saini popote. Mkataba niliousaini unasema nitafanya kazi saa 40 kwa wiki, nitapumzika Ijumaa na Jumamosi, na nitalipwa riali 300 kwa mwezi. Mshahara wa kwanza uliingia benki kwa wakati na ulikuwa kamili. Hilo lazima niliseme. Hata hivyo kila Jumamosi naitwa mpaka adhuhuri, na jioni nyingi baada ya Magharibi ananiita nikae naye tufunge mahesabu ya siku, jambo ambalo huchukua saa mbili au zaidi. Habari ya malipo ya saa za ziada haijatajwa na mtu yeyote. Mara mbili nimekusudia kumweleza, na mara zote ameniwahi kwa kuniuliza mtoto anaendeleaje, nikaishiwa nguvu.

Wafanyakazi wenzangu nao wamenitenga kidogo. Mkuu wa idara ya fedha ni Mhindi aliyekaa Oman miaka mingi, na tajiri anapoingia na kuanza kuzungumza nami Kiswahili, wote huinamisha vichwa. Nikiingia jikoni mazungumzo hukatika. Mmoja alinitania kwamba mimi ni mtoto wa bosi, lakini hakucheka.

Kuna jambo jingine ambalo sijalielewa mpaka leo. Jioni moja walikuja wazee wengine watatu kwa tajiri, wote wasemaji wa Kiswahili, mmoja wao mzaliwa wa Bujumbura. Waliniuliza sikukuu za serikali za nyumbani siku hizi ni zipi. Nikazitaja moja baada ya nyingine, na nilipofika Januari 12 nikasema kwa uchangamfu kwamba ni siku ya kupumzika na kula vizuri. Baraza zima likanyamaza. Mzee mmoja aliinuka kwenda kuswali, na adhana ilikuwa bado.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Wiki ya kwanza nilimtumia mke wangu picha niliyopigwa mbele ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, akaiweka kwenye kundi la ukoo, na tangu hapo simu haipumziki: harusi, kipaimara cha mtoto wa jirani, bati za mjomba. Riali 300 ukizigeuza kuwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na laki nane, kwa hiyo kila mtu anaamini nimefika. Hawajui kwamba chakula, teksi na marejesho ya mkopo vinakula sehemu kubwa, na kwamba usiku mwingine najiuliza nilifuata nini huku.

Mama, nirudi Tanga kabla mambo hayajawa magumu zaidi, au hizi ni hisia za ugeni tu zitakazopita? Na nitamwombaje pasipoti mzee aliyenipokea kama mtoto wake bila kuonekana sina adabu?

Mhasibu, Ruwi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mimi pia nakuita hivyo, lakini pasipoti yako sina.

Umeniuliza kama uyaonayo ni hisia za ugeni. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona umechanganya mambo ya aina mbili ambayo yanataka dawa tofauti. Yanayokuumiza kwa wazi, yaani joto, ukimya wa barabara, pazia la kitanda na kukosa wa kumjulia hali, yatapungua yenyewe hata usipoinua kidole. Lile lililokuliza machozi ya furaha siku ya kwanza ndilo lenye hatari, kwa sababu utamu wake umekufanya uache kusimamia mkataba ulioutia saini. Mgeni yeyote hujihadhari na kinachomchoma. Ni wachache wanaojihadhari na kinachowafariji.

Nimalize haraka yale ya kwanza. Uliingia Muscat katika mwezi mbaya kuliko yote. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti joto ni kali kiasi kwamba serikali inapiga marufuku kazi za nje kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri, na wenyeji wenyewe hujificha. Ndiyo maana dereva yule alikuona kama mtu aliyepotelewa. Usiupime mji kwa saa nane mchana. Toka baada ya Isha, nenda Muttrah utembee kandokando ya bahari, utakuta familia nzima na watoto wao wako nje mpaka usiku mwingi. Kufikia Novemba utaushangaa mji huo huo, maana watu hujaa fukweni Qurum na wewe utatafuta shuka la kujifunika. Kuhusu usafiri, daladala kweli hakuna, lakini teksi za kila siku ni gharama unayojitwisha bure: yapo mabasi mekundu ya Mwasalat, na kituo chake kikubwa kiko hapo hapo Ruwi. Ukipata siku chache za mapumziko kabla ya Septemba kwisha, panda basi uende Salalah, mji wa kusini mwa Oman. Ni safari ya kilomita zipatazo elfu moja, lakini majira hayo kule kuna manyunyu na ukungu, milima ni ya kijani, na kando ya barabara wanauza madafu, ndizi na mapapai. Kwa mtu wa Tanga aliyechoka kuangalia mawe, sijui tiba iliyo rahisi kuliko hiyo.

Sasa tuje kwa mzee wako. Niliishi Muscat miaka kadhaa na wazee wa namna yake nawafahamu, kwa hiyo sitaki uondoke na mawazo kwamba amekutega. Nadhani mapenzi yake ni ya kweli. Waomani waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, Burundi au Kongo wako wengi Muscat na katika miji ya mashariki kama Ibra. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 wengi walitawanyika, na Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Waliokuwa na elimu ya shule za Afrika Mashariki walipata nafasi maofisini. Lakini watoto wao walikulia katika Kiarabu, na wajukuu wengi hawawezi kumaliza sentensi moja ya Kiswahili. Mzee wa aina hiyo anapopata kijana wa kuzungumza naye jioni kuhusu Wete na Tanga, anachokipata kwake ni Pemba yake mwenyewe. Sina shaka kwamba baadhi ya jioni hizo za kufunga mahesabu zingeweza kufungwa kwa nusu saa, na muda unaobaki ni mazungumzo. Hilo si kosa lake wala lako. Kosa linaanza pale mapenzi hayo yanapolipiwa kwa saa zako na kwa pasipoti yako, bila yeyote kati yenu kulitamka.

Sheria iko wazi, na ni vema uijue kabla hujafungua mdomo. Sheria ya Kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 53 ya mwaka 2023, inamkataza mwajiri kushikilia pasipoti au hati binafsi za mfanyakazi isipokuwa kwa ridhaa yake ya maandishi. Wewe hukuandika chochote, kwa hiyo kuwekwa kwenye sefu “isije ikapotea” hakutoshi, hata kama nia ilikuwa njema. Kitambulisho chako cha kila siku ni kadi ya ukaazi inayotolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman; hiyo ndiyo ya kutembea nayo mfukoni, na pasipoti ni ya kufungiwa katika sanduku lako mwenyewe. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa nane kwa siku na saa 40 kwa wiki, inatoa siku mbili mfululizo za mapumziko kila wiki, na inataka saa za ziada zilipwe kwa nyongeza isiyopungua asilimia 25 zikiwa za mchana na asilimia 50 zikiwa za usiku, au mfanyakazi afidiwe kwa kupewa muda wa mapumziko. Mkataba wako, kama ulivyonieleza, unafuata sheria. Kinachokwenda kinyume ni mazoea mliyoyaanzisha wewe na mzee wako. (Wasomaji wengine wasije wakachanganya: wafanyakazi wa ndani hawamo katika sheria hii, wana kanuni zao za wizara, na barua za dada zetu walioko majumbani nitazijibu peke yake.)

Unasema unaona haya. Haya yako naiheshimu, lakini naona unadhani kuna njia mbili tu, kunyamaza au kukosa adabu, na sisi watu wa pwani tuna njia ya tatu tunayoitumia kila siku kwa wakwe na wajomba zetu. Usimwendee wakati wa kahawa, wala usiseme mbele ya wenzako, maana mzee akiombwa haki mbele ya watu huona ameshtakiwa. Mwombe nafasi siku ya kazi, asubuhi, ofisini kwake. Kaa pale anapokaa mfanyakazi, si pembeni yake. Anza kwa shukrani, na ziwe za kweli, kisha useme jambo lenyewe kabla hajafika kwa mtoto: “Mzee, nakushukuru kwa ulivyonipokea. Naomba pasipoti yangu niitunze mwenyewe. Ikihitajika kwa shughuli yoyote ya ofisi nitaileta siku hiyo hiyo.” Baada ya hapo nyamaza. Usitoe visingizio vya benki wala ubalozi, kwa sababu kisingizio kikimalizika atakuomba uirudishe kwenye sefu, na wewe utakuwa umekubali kwamba mahali pake ni kule.

Habari ya saa usiichanganye katika kikao hicho. Ukiileta pamoja na pasipoti itaonekana umekuja na orodha ya malalamiko, naye atajibu lile lililo jepesi na kuliacha zito. Ngoja siku chache, kisha ufanye kama mhasibu: andika tarehe, saa uliyoitwa na saa uliyotoka, kwa muda wote tangu ulipoanza kadiri kumbukumbu na ujumbe wa simu vinavyokuwezesha, na umpelekee mkuu wako wa idara kwa barua pepe ya Kiingereza yenye mistari michache, ukiuliza saa hizo zitaingizwa vipi katika malipo. Nimesema mkuu wa idara kwa makusudi. Kila unapomruka na kwenda kwa mzee kwa Kiswahili unamthibitishia yeye na wenzake kwamba una mlango wako wa nyuma, na hicho ndicho kinachowafanya wanyamaze jikoni.

Hao watu wa Kerala umewapita haraka mno katika barua yako, na naona hapo kuna hasara kubwa. Watu wa jimbo lile wamekuwa wakifanya kazi Ghuba tangu miaka ya 1970, wapo ambao baba zao walilala vyumba kama hicho chako, na hakuna kanuni ya kadi, benki, hospitali au kutuma pesa ambayo hawaijui. Ukitaka kufahamu duka gani la kubadilishia fedha hapo Ruwi linakata kidogo, au nani ofisini aliwahi kulipwa saa zake za ziada na alizipataje, jibu liko nyuma ya pazia la jirani yako. Anza kwa kula nao. Na tajiri akikusemesha Kiswahili mbele yao katika jambo la kazi, mjibu salamu kwa Kiswahili, kisha jambo la kazi ulijibu kwa Kiingereza ili kila mtu asikie. Mzee akikushangaa, mweleze faraghani sababu yake. Mtu aliyeishi ugenini kama yeye ataielewa.

Kuhusu ukimya wa baraza lile, sidhani kama umeharibu kitu kisichoweza kutengenezeka. Kwa watu wengi wa nyumbani Januari 12, siku ya mapinduzi ya Zanzibar, ni siku ya ukombozi na inasherehekewa kwa heshima zote. Kwa wazee waliokuwa wamekaa nawe ni siku ambayo wao au jamaa zao walipoteza ndugu, nyumba au shamba la mikarafuu, na wapo walioondoka Zanzibar na nguo walizovaa tu. Hukuulizwa utoe hukumu, kwa hiyo usijaribu kuitoa, wala usiende kuomba radhi kwa hotuba ambayo itawalazimu wakujibu. Mzee yule aliyeinuka ukikutana naye tena, mwamkie vizuri, mwulize alikozaliwa na mji ulikuwaje enzi za utoto wake, kisha umsikilize mpaka amalize. Yeye ndiye atakayeamua kama atalitaja. Na siku hizo za mwanzo, siasa za Zanzibar ziache zipite juu ya kichwa chako, ziwe za zamani au za sasa.

Kwa mke wako ninakulaumu kidogo. Umemtumia picha ya msikiti lakini hukumtumia hesabu, halafu unashangaa kwamba anaamini picha. Mwandikie kwa tarakimu: mshahara, chakula, simu, nauli, marejesho ya SACCOS, kinachobaki. Mkubaliane kiasi kimoja cha kumtumia kila mwezi, na yeye ndiye awe mlango wa michango yote ya ukoo, aamue kilicho cha lazima ndani ya kiasi hicho. Maombi yakija kwako moja kwa moja, jibu lako liwe moja, kwamba mambo hayo ameachiwa mama watoto. Watanuna mwezi mmoja au miwili. Bati za mjomba zilikuwepo kabla hujapanda ndege.

Sasa swali lako la kurudi. Usiamue kwa sababu ya usiku mbaya, lakini usikae ukisubiri mpaka upoe kabisa, kwa kuwa kuna saa inayohesabu. Kipindi cha majaribio Oman hakizidi miezi mitatu kwa anayelipwa kwa mwezi, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku saba. Uliingia Juni, basi kikao cha pasipoti kifanyike wiki hii na barua ya saa itoke kabla ya katikati ya Agosti, ili majibu yake uwe umeyaona kipindi hicho kikiwa bado wazi. Mzee akikurudishia pasipoti na Jumamosi zikawa zako, au zikalipwa, baki. Mwajiri anayelipa mshahara kamili kwa wakati na anayekubali kurekebishwa si wa kumwachia kwa ajili ya joto la Julai. Akikataa, au akikasirika na kukutishia, nenda ubalozi wa Tanzania hapo Muscat, ambako ungepaswa kuwa umejiandikisha tangu wiki ya kwanza, na wao watakuelekeza namna ya kupeleka lalamiko Wizara ya Kazi. Ukiondoka kwake si lazima iwe ni kurudi Tanga. Zamani mfanyakazi aliyeacha kazi Oman bila cheti cha mwajiri cha kutokuwa na pingamizi alifungiwa kuingia kwa miaka miwili. Sharti la cheti hicho liliondolewa Januari 2021, na mhasibu anayezungumza Kiingereza na Kiswahili anaweza kutafuta mwajiri mwingine mkataba wake unapomalizika kwa utaratibu.

Ikiwa utarudi, zungumza na SACCOS yako kabla rejesho la kwanza halijakosekana, maana wanaokuja kujieleza mapema hupangiwa upya kwa urahisi zaidi kuliko wanaotafutwa. Na kabla ya kuingia katika kikao chochote na mzee, tafuta nakala ya Kiarabu ya mkataba wako, umpe mtu asiye wa ofisi yenu akusomee kifungu cha saa za kazi na kifungu cha tiketi ya kurudi, uone kama vinasema sawa na ile nakala uliyoisaini.